Kikopo Hakirudi Kitupu

Wadogo zangu wa vikopo na pikipiki,

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga iliandikwa "Bibi, Pumzika Salama". Niliwaambia palepale kwamba maneno hayo huandikwa kwenye msalaba, si kwenye keki, na kwamba mtu wa miaka thelathini na minane hajafikia ubibi. Mkacheka, nami nikacheka, tukaila yote. Ukweli ni kwamba aliyestaafu ni goti langu la kulia. Daktari wa mifupa amesema halitapanda pikipiki tena, na kwa kuwa goti na mimi tunaishi nyumba moja, imebidi tustaafu wote wawili.

Mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Basi nimenunua daftari kubwa, nimekaa barazani hapa Mbinga, mguu juu ya kigoda. Vyeo nitavipita kwa sababu sikuvipata. Mshahara nao tuuache, ulikuwa mdogo na una haya. Nitaandika juu ya vikopo, na juu ya kosa langu ambalo wengi wenu mnalijua kwa utani tu. Utani huo mliukuta umeshapoa. Ulipokuwa wa moto, nusura uondoke na macho ya mtu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini. Nimezaliwa Mkumbi, nimesoma hadi kidato cha nne, na tangu darasa la pili nilikuwa naota udaktari. Kwa alama nilizopata, njia pekee iliyobaki ya kuingia chumba cha daktari ilikuwa ni kuumwa. Ndipo nikasikia wanatafuta mtu wa kuchukua makohozi kwenye zahanati za kule ziwani na kuyapandisha maabara ya Mbinga. Waliokuja kuomba tulikuwa wanne. Waliposikia neno makohozi, tukabaki wawili. Tulipoonyeshwa barabara, nikabaki mimi.

Ninyi mmeikuta lami. Siku yangu ya kwanza ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, na kona moja ikanilaza chini kabla sijafika nusu ya safari ya kupanda. Nilianguka nimekumbatia boksi la sampuli kama mtoto. Nikafika maabara nimejaa tope hadi masikioni. Mzee Otmar, fundi wa maabara, alikuwa amevaa sweta yake ya kijivu ambayo sijawahi kuiona imefuliwa wala imechafuka. Alifungua boksi, akahesabu.

"Vikopo vizima?"

"Vizima, shikamoo mzee."

"Marahaba. Basi kaoge."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanza kazi. Mengine alinipa kidogo kidogo kwa miaka, kila nilipobaki kusubiri mvua ikatike. Jina liandike ubavuni mwa kikopo, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana kama kofia za msibani. Mate si makohozi. Mwambie mgonjwa atoke nje, upepo umpige mgongoni, avute pumzi mara tatu, akohoe kutoka chini kabisa. Halafu alinifundisha kupaka kioo. Unaweka rangi nyekundu, unapasha moto, unaosha kwa asidi, kisha unamwaga buluu. Kila kitu kinaoshwa na kugeuka buluu isipokuwa mdudu wa kifua kikuu. Huyo anabaki kijiti chekundu.

"Mkaidi," alisema Mzee Otmar, jicho kwenye darubini. "Angekuwa mtu, angekuwa baba yangu mdogo."

Niliweka jicho. Sikuona mdudu, niliona kope zangu mwenyewe. Lakini mwezi wa pili niliviona, vijiti vyekundu kwenye bahari ya buluu, na nikaona ndoto yangu ya udaktari imenijia kwa mlango wa nyuma, imevaa kandambili.

Shida kubwa ya miaka ile ilikuwa vikopo vitupu. Watu wanaona haya. Mama mtu mzima, mwenye wakwe, unampa kikopo cheupe ateme alichonacho kifuani, kisha kipite mbele za watu kwenye pikipiki! Wengi walikirudisha kikavu, au wanakificha. Mimi nikabuni dawa. Mnajua kwetu jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Unaweka hata mayai mawili, hata chumvi kiganja kimoja. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia jirani asilete tena. Basi nikawa nikigawa vikopo natangaza kwa sauti ya mnadani: "Kikopo changu ni bakuli la jirani, mama zangu! Hakirudi kitupu!"

Wakacheka. Wakicheka wanakohoa, wakikohoa wanajaza. Ndani ya miezi michache vikopo vitupu vikaisha ukanda wote, kuanzia juu Kitura mpaka chini Kihagara. Mzee Otmar, ambaye kusifu kulimuuma kama jino, alisema, "Siku hizi unaleta mizigo." Nililala na sifa hiyo wiki nzima. Nikaanza kuitwa Dada Vikopo, na nikiingia kijijini watoto walikuwa wakiimba wao, "Hakirudi kitupu!"

Eskolastika nilimkuta Kihagara. Alikuwa fundi cherehani wa miaka kama thelathini, ameweka cherehani yake chini ya ukingo wa paa, anashona sare za shule na za kwaya. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani walikuwa yeye, watoto wawili na mama mkwe wake, Bibi Thekla, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Eskolastika alikuwa amekohoa miezi mitatu, amekonda, anachoka hata kwa kukanyaga cherehani. Muuguzi wa zahanati akaagiza makohozi. Nikampa kikopo na wimbo wangu.

"Dada," aliniambia akitabasamu kwa shida, "mimi nakohoa hewa. Hakuna kitu."

"Jaribu alfajiri kabla ya kuswaki. Na unajua, kikopo—"

"Hakirudi kitupu, najua," akasema.

Kesho yake nilipita. Kikopo kimejaa mazito, ya njano, makohozi ya kuonea fahari. Hapo ndipo ningeuliza. Mtu wa jana anakohoa hewa, leo ametoa haya? Sikuuliza. Nilijisifu njia nzima hadi Mbinga.

Mzee Otmar akaona vijiti vyekundu, vingi. Kifua kikuu. Dawa zikaanza, za miezi sita, na msimamizi wa kumwangalia akimeza akawa Bibi Thekla. Kila asubuhi alisimama mbele ya mkamwana wake na kikombe cha uji, kama askari wa geti.

Mwezi wa pili kikopo cha kuangalia maendeleo kikarudi kimejaa. Vijiti vyekundu. Mwezi wa tano tena, vyekundu. Muuguzi akamgombeza Eskolastika mbele ya foleni: "Wewe unatema dawa. Unafanya mchezo na watoto wako." Eskolastika aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni Bibi Thekla, akikohoa kwa hasira.

"Anameza! Namfungua mdomo kama ng'ombe! Naangalia hadi chini ya ulimi! Unasema mimi ni kipofu?"

Neno kipofu lilikaa vibaya siku ile, kwa sababu macho ya Eskolastika yalikuwa yameanza. Yaliiva mekundu, yakamuuma juani, kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Miguuni, kwenye ugoko, alitoka uvimbe uliomuuma akiguswa. Nilimkuta siku moja ameshika sindano na uzi, uzi unapita pembeni ya tundu, anaurudisha, unapita pembeni. Aliponisikia akaviweka chini haraka.

"Jua kali leo," alisema. Palikuwa na mawingu.

Mpango ukawa apelekwe hospitali ya mbali kwa kifua kikuu sugu, dawa kali, miezi mingi. Watoto wabaki na bibi. Lakini kabla ya hapo alipandishwa Mbinga aonwe na daktari bingwa wa vifua, Daktari Rehema, aliyekuwa amekuja kwa wiki mbili. Mama huyu ni mtu wa pwani, maneno yake laini, anakuita "mwanangu" hata akikukaripia. Alimpapasa Eskolastika shingoni akakuta tezi, akatoa kipande kidogo, akakipeleka hospitali ya rufaa kikaangaliwe. Aliporudi mara ya pili majibu yalikuwa yametoka. Alijua napenda kuchungulia vitu, akaniita na kunionyesha picha kwenye simu.

Niliona chembe nyeupe za kinga, wale askari wa mwili, zimejipanga duara, duara juu ya duara, zimekumbatiana zikawa kinundu. Mnajua watu wanavyozunguka nyoka aliyeingia uani, kila mtu na fimbo yake? Hivyo hivyo.

"Nyoka yuko wapi?" niliuliza.

"Hayupo," alisema Daktari Rehema. "Kwenye kifua kikuu tungemwona mdudu, na katikati ya kinundu pangekuwa pameoza. Hapa pasafi. Askari wamezunguka pasipo na kitu, na wanaendelea kuitana. Ugonjwa huu unaitwa sarkoidosisi. Unakaa mapafuni, kwenye tezi, ngozini, machoni."

"Sasa kwa nini hawarudi kambini?"

Akaniangalia, akavuta kiti. Nawaandikia maneno yake kama nilivyoyashika, maana sijapata kusikia mazuri zaidi katika kazi yangu.

"Mwanangu, kila chembe mwilini mwako, ya jicho, ya ini, ya damu, ina kitabu kilekile cha maagizo. Kitabu ni jeni. Lakini chembe ya jicho haisomi kurasa za ini. Kwa nini? Kuna vialama vya kikemia vimebandikwa juu ya kurasa. Kimoja kinafunga ukurasa, kingine kinauacha wazi. Maneno ya kitabu hayabadiliki hata herufi. Kinachobadilika ni kipi kinasomwa. Elimu ya vialama hivyo inaitwa epijenetiki. Sasa askari wa kinga wakipigana na mdudu, au wakivuta vumbi na moshi, vialama vyao vinahama. Kurasa za vita zinafunguka, kurasa za kutulia zinafungwa. Vita vikiisha, vialama vinapaswa kurudi mahali pake. Kwa mgonjwa kama huyu inaonekana havikurudi sawasawa. Yule askari mlaji wa mapafuni bado anasoma ukurasa wa vita, anaita wenzake. Na wale ambao kazi yao ni kusema 'jamani, yameisha', nao inaonekana kurasa zao hazisomeki vizuri."

"Nani alibandika?"

"Hapo ndipo tulipofika. Labda vumbi, labda mdudu aliyepita zamani akaondoka, labda na urithi wa ukoo unachangia. Watu bado wanachunguza. Usishuke kijijini ukasema Daktari Rehema anajua. Daktari Rehema anakisia na wenzake."

"Dawa ipo?"

"Ipo ya kutuliza askari. Haiwezi kubandua kila alama, lakini inawafanya waufunge ule ukurasa, macho yapate nafuu." Kisha sauti ikapoa. Akaweka mezani karatasi tatu, za vikopo vitatu, zote zinasema kifua kikuu. "Nikimpa dawa ya kutuliza askari mtu mwenye kifua kikuu cha kweli ambacho hakijatibika, nimemfungulia fisi zizi. Kipande cha tezi kinasema hapana. Vikopo vitatu vinasema ndiyo. Na jicho lile haliwezi kungoja mwezi mwingine. Vikopo vilipita mikononi mwa nani?"

"Mwangu, daktari."

"Basi shuka ukaniulizie."

Nilishuka asubuhi ile ile. Njiani nilikuwa nawaza vile vialama, na kichwa kikanipeleka Mkumbi kwenye ngolo, mashamba yetu ya mashimo. Mteremko ni mmoja, udongo mmoja, mbegu ya maharage ni ile ile kutoka debe moja. Lakini baba anakata nyasi na kuzilaza kwa mistari, miraba miraba, mama anafukua udongo wa katikati na kuzifunika, shamba linabaki mashimo na matuta. Ukija baadaye nyasi huzioni tena, zimeoza. Mche unazijua. Palipolala nyasi unanenepa, pasipolala unanyong'onyea. Mgeni atasema mbegu ni mbili. Nilikuwa naendesha huku nafurahi peke yangu kwa kuelewa, kisha nikakumbuka ninakokwenda, na furaha ikashuka kwenye pikipiki.

Nilimkuta Eskolastika amekaa ndani kivulini, kanga usoni kuzuia mwanga. Bibi Thekla alikuwa uani anaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja, anakohoa, anatema pembeni, anafukia kwa mguu. Nilisimama nikamtazama akifukia. Nilikuwa nimemsikia akikohoa mwaka mzima. Kila mtu alisema ni kikohozi cha uzee.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Dada Vikopo! Umeleta kingine?"

"Nimeleta swali. Vile vikopo vya Eskolastika, alitoa mwenyewe?"

Bibi Thekla alijifuta mikono kwenye kanga yake, hana wasiwasi hata kidogo.

"Angetoa nini, naye kifua kimekauka kama ganda la muhogo? Alikaa na kikopo hapo tangu jogoo la kwanza, analia, kuh, kuh, hakuna. Nikamwambia lete hapa mwanangu, mimi ninayo mengi. Nikamjazia. Tena mazuri! Na vile vingine nikajaza mimi. Mtu hamwachi mkamwana wake aaibike."

"Bibi!"

"Bibi nini? Si ulisema mwenyewe hakirudi kitupu? Mji mzima wanaimba!"

Wadogo zangu, nilikaa chini pale pale kwenye magamba ya usipa.

Eskolastika alitoka, ameshika ukuta. "Nilitaka kukuambia," alisema. "Muuguzi aliposema natema dawa nilitaka kusema. Lakini ningesemaje? Mama alinisaidia. Ningesema, angegombezwa yeye. Nikaona bora nimeze."

"Umemeza miezi mitano dawa ya mtu mwingine."

"Ya nani?"

Nikamtazama Bibi Thekla. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ikapungua. "Ya kwangu?"

Niliwaeleza yote niliyoyashika: vinundu, askari, kitabu, vialama. Nilieleza vibaya, nilichanganya, lakini Bibi Thekla alisikiliza kichwa upande, na nilipofika kwenye askari wanaozunguka pasipo na nyoka, akanikata.

"Sasa hilo si la kusomea. Mbwa akipigwa jiwe mara moja, basi. Mtu akiinama tu kufunga kiatu, anabweka, anataka kuuma. Jiwe liko wapi? Halipo. Na ukimkagua mwili mzima huoni kovu. Lakini limo." Akamshika Eskolastika begani. "Mwanangu, askari wako wamepigwa jiwe."

Sijui kama wenye elimu ya epijenetiki wangekubali. Mimi nilikubali. Daktari Rehema nilipomsimulia alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika maneno hayo kwenye shajara yake.

Lakini kicheko hicho kilikuja baadaye. Nilipanda siku ile na vikopo viwili. Kimoja cha Bibi Thekla, kimejaa, safari hii kina jina lake. Kingine cha Eskolastika, kitupu. Niliviweka mezani mbele ya Mzee Otmar na Daktari Rehema, nikasema kosa ni langu, nikasema na wimbo wenyewe. Nilijua naweza kufukuzwa kazi palepale. Mzee Otmar hakunitetea. Alichukua kile kitupu, akakielekeza kwenye dirisha, akakitazama muda mrefu kama vile kina kitu.

"Miaka yote hii," alisema, "nakusifu kwa kuleta mizigo. Sikuuliza ni mizigo ya nani. Tuandike barua mbili za onyo, na moja iwe yangu."

Barua ilikuja, yangu tu, nami ninayo. Ndiyo barua pekee ya ofisi iliyoandika jina langu bila kukosea.

Kikopo cha Bibi Thekla kilikuwa na vijiti vyekundu kama vile vitatu. Alianzishiwa dawa, na msimamizi wake wa kumeza akawa Eskolastika. Bibi aliniambia mkamwana alilipa kisasi, anamfungua mdomo kama ng'ombe. Watoto walipimwa, mdogo akapewa vidonge vya kinga. Eskolastika naye alivutishwa mvuke wa maji ya chumvi hospitalini mpaka akatoa kidogo cha kwake mwenyewe, nami nikiwa nimesimama karibu kuliko inavyoruhusiwa. Mzee Otmar alikipaka vioo vitatu, akakaa kwenye darubini hadi chai ikapoa. Ulikuwa utupu wa buluu kila mahali, hakuna kijiti hata kimoja. Daktari Rehema akaungoja na uchunguzi wa rufaa, ukasema hivyo hivyo, ndipo akaandika vidonge vya kutuliza askari.

Jicho la kushoto lilisafika ndani ya wiki chache. La kulia lilibaki na ukungu ambao haukuondoka wote. Hesabu hiyo ya jicho moja mimi siwezi kuifuta, na siwaandikii ili mnifutie. Vidonge vilimnenepesha mashavu, vikampandisha njaa, vikamnyima usingizi. Vilipopunguzwa haraka kikohozi kilirudi, vikaongezwa, vikapunguzwa polepole. Daktari Rehema alisema hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa. Alama hazibanduki kwa kuamriwa, na watafiti wanatafuta dawa itakayozifuata zilipo. Mimi bado naota nitaiona hiyo dawa. Kuota hakuhitaji goti.

Baada ya hapo Mzee Otmar alichukua rula, akachora safu mpya kwenye rejista, pembeni ya safu ya majibu, akaandika juu yake KITUPU. Ndiyo ile mnayoijaza hadi leo bila kujua ilitoka wapi. Mashine ya kupimia ilikuja, Mzee Otmar akastaafu na sweta yake, lami ikashuka hadi ziwani, safu ikabaki. Nami nilizunguka zahanati moja moja kuuondoa wimbo wangu. Ilikuwa kazi kuliko kuueneza. Watu walishaupenda. Niliwafundisha mwingine: ukikosa, nirudishie hivyo hivyo, nitakushukuru. Na nilijizoeza kupokea kikopo kitupu kwa mikono miwili, kama unavyopokea chakula kwa mtu mzima. Nawaomba msiiache mikono miwili. Mtu anapokurudishia kitupu amekuamini. Mnaweza kusahau yote niliyoandika hapa, hilo msisahau.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki yenu ya msibani, nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la maabara najaza rejista, mkongojo umeegemea ukuta. Mlango ukafunguka. Eskolastika na Bibi Thekla walikuwa wamepanda na basi la asubuhi. Daktari alikuwa ameagiza kikopo tena kabla ya kubadilisha vidonge, na badala ya kukiacha zahanati, walikileta wenyewe.

Eskolastika alikiweka mezani. "Nimejaribu siku tatu, dada. Kikavu. Nimekurudishia kitupu."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikaandika jina lake kwenye rejista, nikaweka alama kwenye safu ya Mzee Otmar.

Bibi Thekla alikuwa anageuza uso, hawezi kuangalia aibu ile. Akavumilia, akavumilia, kisha akafungua fundo la kanga yake na kunimwagia mapajani usipa wakavu kiganja kizima.

"Kikopo chako hicho, kitupu kama ulivyotaka," alisema. "Hawa si wa kikopo. Ni wako."

Nilikuwa bado nacheka, nawaokota usipa kwenye gauni, Eskolastika aliposema kutoka kule mlangoni alikokuwa amerudi kusimama, "Dada, pindo la gauni lako limefumuka hapo nyuma ya goti."

Nikaangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona. Alikuja, akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kola yake, akakata uzi kwa meno. Akafumba jicho la kulia, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Uzi ukapita mara moja.